Sumu Ikizikwa Haijafa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wetu.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya maji yaliyo chini ya viwanda vya kemikali: jinsi yanavyochafuka, jinsi yanavyosafishwa, na jinsi yanavyochunguzwa baada ya kusafishwa. Najua kwamba baadhi yenu mnajiuliza, mwandishi wa magazeti na maji ya ardhini, wapi na wapi? Swali hilo ni halali. Jibu langu ni kwamba kazi hii, kabla haijawa kazi ya pampu na mabomba, ni kazi ya kumbukumbu. Yatupasa kuuliza nani alijua, alijua lini, aliandika wapi, na alimwambia nani. Hayo, ndugu zangu, ni mambo ya mtumishi mwenye faili mezani na ya mwalimu mwenye chaki mkononi, kama yalivyo mambo ya mhandisi.

Nitatoa mifano miwili. Wa kwanza ni mji wa Toms River, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Wa pili ni mji wa Bhopal, katika jimbo la Madhya Pradesh, India. Nimeichagua mifano hiyo kwa sababu jina la kampuni moja linatokea katika yote miwili, ilhali mambo yaliyofuata hayakufanana hata kidogo. Tukijua kwa nini hayakufanana, tutakuwa tumejifunza jambo kubwa.

Lakini kwanza hatuna budi kuyaelewa maji yenyewe.

Watu wengi hudhani kwamba chini ya ardhi kuna mito na maziwa kama haya tuyaonayo juu. Mahali pengi sivyo. Maji ya ardhini hukaa katika nafasi ndogo ndogo zilizo baina ya chembe za mchanga, na katika nyufa za miamba. Nayo hayakutulia. Yanakwenda, lakini yanakwenda polepole sana. Tuchukue maji yanayokwenda sentimita 10 kwa siku, mwendo ambao si wa ajabu katika mchanga. Walimu wa hesabu waniangalie: kwenda kilometa moja yatachukua miaka ipatayo 27. Maana yake ni kwamba mtoto aliyezaliwa siku ambayo pipa la sumu lilipasuka kiwandani anaweza kuwa mzazi siku ambayo sumu ile itafika katika kisima cha kijiji chake. Meneja wa kiwanda atakuwa amekwisha kustaafu. Karani aliyeandika hati ya kupokea mapipa yale atakuwa amekwisha kuhamishwa mara tano. Huenda na kiwanda chenyewe kitakuwa kimekwisha kufungwa. Sumu peke yake ndiyo itakayokuwa bado kazini.

Aidha, kemikali hazina tabia moja. Nyingine huyeyuka upesi katika maji na kufuatana nayo. Nyingine, kama vile trikloroetilini inayotumika kuondoa mafuta katika vyuma, ni nzito kuliko maji. Hiyo huzama chini mpaka ikutane na tabaka la udongo wa mfinyanzi, ikajaa katika vibonde vya tabaka hilo, na kutoka hapo ikatoa sumu yake kidogo kidogo kwa miongo mingi. Nyingine hung'ang'ania katika mfinyanzi wenyewe. Ukiyavuta maji machafu yaliyo katika mchanga, utaona vipimo vinashuka, utafurahi, utazima pampu. Baada ya mwaka mmoja au miwili mfinyanzi utarudisha kile ulichokificha, na vipimo vitapanda tena. Aliyefunga faili siku ya furaha hatakuwa na habari.

Je, maji hayo husafishwaje? Kwa kifupi, kazi ina sehemu tatu. Ya kwanza ni kuondoa chanzo, yaani kuchimbua mapipa, kuzoa udongo uliolowa sumu, na kuziba mashimo ya taka. Bila ya hilo, mengine yote ni kukausha sakafu huku bomba likiwa wazi. Ya pili ni kuchimba visima vya kuvutia maji, mahali ambapo pampu zitayazuia maji machafu yasiendelee kuelekea mtoni au kwenye visima vya watu. Maji yakishavutwa hupitishwa katika mitambo. Kemikali zile zinazopaa upesi hutolewa kwa kupuliziwa hewa, na nyingine hunaswa kwa kupitishwa katika mkaa maalumu wenye matundu madogo mno. Ya tatu ni uchunguzi, na hiyo ndiyo nitakayoitilia mkazo leo.

Uchunguzi hufanywa kwa visima vyembamba visivyo vya kunywa. Kazi yake ni kutoa ushahidi. Kimoja huchimbwa upande ule ambao maji yanatoka, ili kijulikane kiasi cha uchafu kilichokuwamo kabla maji hayajapita chini ya kiwanda. Vingine huchimbwa chini ya kiwanda na kandokando ya mashimo ya taka. Vingine huchimbwa mbele, upande ambao maji yanaelekea, tena kwa vina mbalimbali, kwa kuwa sumu inaweza kupita mita 30 chini na kumwacha mpimaji wa mita 10 akisema hakuna kitu. Kila baada ya miezi kadhaa kimo cha maji hupimwa, sampuli huchukuliwa, hupelekwa maabara, na matokeo huandikwa katika daftari. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vipimo vya miaka 20, vilivyochukuliwa kisima kile kile kwa utaratibu ule ule, vinasema kila kitu.

Sasa twende Toms River.

Mwaka 1952 kampuni ya Ciba, yenye makao yake katika mji wa Basel, Uswisi, ilifungua kiwanda cha rangi za nguo kando ya mto unaouitwa Toms River. Eneo lile lina mchanga mtupu, na mchanga hauzuii kitu. Kwa miaka mingi taka za kiwanda zilimwagwa katika mabwawa na mashimo ndani ya eneo la kiwanda, au zikafukiwa zikiwa katika mapipa. Katikati ya miaka ya 1960 taka hizo ziliingia katika visima vya mji vilivyokuwa mtaa wa Holly. Wananchi waliokuwa wakinywa maji yale hawakuambiwa. Mwaka 1966 kampuni ikajenga bomba la kilometa zipatazo 16 la kupeleka maji taka katika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1984 bomba hilo likavuja mjini, na hapo ndipo watu wengi walipoanza kuuliza kile kilichokuwa kikipita chini ya barabara zao.

Wakati huo Marekani ilikuwa imekwisha kupata sheria iliyopitishwa mwaka 1980 na kujulikana kwa jina la Superfund. Sheria hiyo haikutoka katika huruma ya wenye viwanda. Ilitokana na kelele za wananchi, hasa baada ya wakazi wa mtaa wa Love Canal, katika mji wa Niagara Falls, kupata habari mwaka 1978 kwamba walikuwa wakiishi kandokando ya handaki lililojazwa taka za kemikali, na kwamba shule ya watoto wao ilijengwa juu yake. Msingi wa sheria ni mmoja: aliyechafua atalipa gharama ya kusafisha, hata kama alichafua zamani, na hata kama siku alipochafua hapakuwa na aliyemkataza. Zaidi ya hayo, pale ambapo uchafu umebaki ardhini, sheria inataka hali iangaliwe upya kila baada ya miaka mitano.

Kiwanda cha Toms River kiliingizwa katika orodha ya sheria hiyo mwaka 1983. Hebu tazameni mwendo wa mambo. Pampu za kuvuta maji machafu zilianza kazi mwaka 1996, mwaka ule ule ambao shughuli za mwisho za kiwanda zilikoma. Kazi ya kuchimbua na kutibu udongo ilimalizika mwaka 2010, baada ya kutolewa mapipa yapatayo 47,000. Kampuni ya BASF ya Ujerumani, iliyoinunua Ciba mwaka 2009, ikarithi pamoja na mali hiyo wajibu wa kupiga pampu na kupima. Miaka ya 2020 ilipoingia, pampu zilikuwa bado zinafanya kazi. Kiwanda kilitengeneza rangi kwa miaka 38, toka 1952 hadi 1990. Kusafisha maji yake kumekwisha kuchukua karibu miaka 30, na mwisho haujafika. Hiyo ndiyo hesabu ambayo haiandikwi katika hotuba za kufungua viwanda.

Lakini mji huo huo una kisa kingine, nacho ndicho kinachotufundisha zaidi. Mwaka 1971 maelfu ya mapipa ya taka kutoka kiwanda cha plastiki cha kampuni ya Union Carbide, kilichokuwa Bound Brook, jimbo lile lile la New Jersey, yaliletwa na mkandarasi na kutupwa katika shamba la zamani la kuku, linalojulikana kwa jina la Reich Farm. Maji ya chini ya shamba hilo yalikuwa yakielekea visima vya mji vya Parkway, kiasi cha kilometa moja na nusu kusini. Mwaka 1974 visima vya nyumba za jirani vilifungwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 trikloroetilini iligunduliwa katika visima vya Parkway, na mitambo ya kupulizia hewa ikawekwa. Vipimo vikarudi vizuri. Trikloroetilini ikawa inaondolewa. Kila aliyesoma karatasi za maabara aliona kwamba maji yanafaa.

Katika miaka ya 1990 wazazi wa mji ule wakaanza kuuliza kwa nini watoto wengi wanaugua saratani. Idara ya Afya ya jimbo ilipohesabu, ilikuta kwamba katika eneo la mji huo, toka mwaka 1979 hadi 1995, watoto 90 walikuwa wameugua saratani, mahali ambapo kwa kawaida wangetazamiwa 67. Wataalamu wakayapima tena maji ya Parkway, safari hii bila kujifunga na orodha ya kawaida. Mwaka 1996 wakakuta kemikali ambayo haikuwamo katika orodha yoyote ya vipimo, inayotokana na utengenezaji wa plastiki kwa stirini na akrilonitrili. Ilikuwa imo katika maji ya kunywa muda wote ule. Mitambo ya hewa haikuiondoa, kwa sababu haipai kama trikloroetilini. Maabara haikuiona, kwa sababu hakuna aliyeiagiza iitafute. Ikabidi mkaa maalumu uongezwe mwaka uliofuata.

Tuwe waangalifu katika kusema, maana ukweli haupati nguvu kwa kutiwa chumvi. Uchunguzi wa serikali ya jimbo, uliomalizika mwaka 2003, uliona uhusiano kati ya maji ya Parkway ambayo akina mama walikunywa wakiwa waja wazito na saratani ya damu kwa watoto wa kike. Majaribio ya kemikali ile kwa panya, yaliyochapishwa mwaka 2012, hayakuona kwamba inaleta saratani. Mnamo Desemba 2001 kampuni mbili za kemikali na kampuni ya maji zilipatana na familia 69 na kuzilipa fidia, bila ya kukiri kosa. Sayansi haijasema neno la mwisho kuhusu kila mtoto. Lakini kuhusu vipimo imesema, tena kwa sauti kubwa. Karatasi inayosema "hakuna kilichoonekana" maana yake ni kwamba hakuna kilichoonekana miongoni mwa vile vilivyotafutwa. Haina maana kwamba hakuna kitu.

Kwa hiyo, swali la kwanza la mtumishi anayepokea ripoti ya maji lisiwe "Je, imepita?" Liwe "Je, mmetafuta nini? Na kiwanda hiki kinatumia nini?" Orodha hizo mbili zikiwa hazifanani, ripoti hiyo haijakamilika, hata ikiwa na mihuri kumi.

Sasa tuvuke bahari twende Bhopal. Jina tunalolifuata ni lile lile la Union Carbide.

Kiwanda cha Bhopal kilianza mwaka 1969, chini ya kampuni ya Kihindi ambayo zaidi ya nusu ya hisa zake zilikuwa za Union Carbide ya Marekani. Kilitengeneza dawa za kuua wadudu wa mimea. Dunia nzima inaijua habari ya usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, gesi ya metili isosaianeti ilipotoka kiwandani na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Siku hiyo inakumbukwa, nayo yastahili kukumbukwa. Lakini kuna maafa ya pili yaliyokuwa yakitembea polepole chini ya mji ule ule, nayo hayakuwa na usiku wake wala tarehe yake.

Toka mwanzo kiwanda kilitupa taka zake katika mashimo ndani ya eneo lake. Mwaka 1977 yakajengwa, nje ya ukuta upande wa kaskazini, mabwawa makubwa ya kukaushia maji taka kwa jua. Mwaka 1982, miaka miwili kabla ya gesi, taarifa za ndani za kampuni, ambazo baadaye zilitolewa katika kesi, zilieleza wasiwasi kwamba bwawa linavuja. Mwaka 1989 kampuni ilipima kwa siri udongo na maji ya ndani ya eneo hilo, na samaki waliotiwa katika sampuli za maji wakafa wote. Wakazi waliokuwa wakiteka maji kwa pampu za mkono ng'ambo ya ukuta hawakuonyeshwa matokeo hayo. Mwaka 1997 ripoti ya wataalamu ikategemea udongo mzito mweusi ulio chini ya kiwanda, ikasema kwamba maji ya visima yanafaa kunywa. Mwaka 1999 shirika la Greenpeace likapima visima vya mitaani na kukuta humo kaboni tetrakloridi, klorofomu na kemikali nyingine za aina hiyo.

Nani basi alisafisha? Hapo ndipo mambo yanapotofautiana na Toms River. Mapatano ya mwaka 1989, ambayo Union Carbide ililipa dola milioni 470, yalihusu maafa ya gesi. Mwaka 1994 kampuni hiyo iliuza hisa zake za India. Mwaka 1998 ardhi ya kiwanda ikarudishwa mikononi mwa serikali ya jimbo. Mwaka 2001 Union Carbide ikanunuliwa na kampuni ya Dow. Kila mmoja ana hoja yake. Kampuni inasema kwamba kiwanda kilikuwa cha tawi la India na kwamba ardhi ni ya serikali. Dow inasema kwamba haikuwapo. Wananchi wanasema kwamba aliyechafua ndiye asafishe. Mahakama za Marekani ziliamua, mwaka 2014 na katika rufani mwaka 2016, kwamba kampuni mama haiwezi kuwajibishwa kwa uchafu ule. Mahakama ya Juu ya India iliagiza mwaka 2004 kwamba wakazi wapelekewe maji safi, nao wakazi walilazimika kuandamana na kudai kwa miaka mingine mingi ili agizo hilo litekelezwe. Muda huo wote maji yaliendelea na safari yake. Kufikia mwaka 2018 makazi yaliyotambuliwa kuwa na maji machafu yalikuwa 42.

Mwezi wa Januari 2025 zilionekana picha za malori 12 yakiondoka Bhopal usiku, chini ya ulinzi mkali, yakiwa yamebeba tani zipatazo 337 za taka zilizokuwa zimefungiwa katika ghala tangu mwaka 2005. Zilipelekwa Pithampur, umbali wa kilometa kama 250, na kuchomwa. Kazi ya kuzichoma ilimalizika mwishoni mwa Juni mwaka huo. Yalisemwa maneno mengi ya kujipongeza. Lakini taasisi za utafiti za India zenyewe, katika ripoti yao ya mwaka 2010, zilikadiria kwamba udongo uliochafuka na unaohitaji kushughulikiwa ni tani milioni 1.1. Gawanyeni wenyewe. Kilichochomwa hakifiki hata sehemu moja katika 3,000. Malori yaliondoa kile kilichokuwa ghalani. Hayakuondoa kilichomo ardhini, wala hayakugusa maji.

Ndugu zangu, tusijidanganye kwamba tofauti ya miji hii miwili ni tofauti ya mioyo, kwamba mabwana wa kampuni walikuwa wema New Jersey na wabaya Bhopal. Watu wa Toms River nao walifichwa, tena kwa miaka mingi. Wala si tofauti ya utaalamu, kwa maana India ina wanasayansi hodari. Tofauti kubwa ni kwamba New Jersey palikuwa na sheria iliyokwisha kutaja mlipaji kabla ugomvi haujaanza, na palikuwa na ofisi ya umma iliyopewa nguvu ya kudai vipimo mwaka baada ya mwaka. Huko Bhopal ugomvi wa nani alipe ulitangulia, na kazi ikasubiri ugomvi uishe. Maji hayasubiri ugomvi uishe.

Mtaniuliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu kwa sababu nasi tunakunywa maji ya ardhini. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima vya Makutupora. Vijiji vingi vya nchi yetu havina maji mengine wakati wa kiangazi. Yanatuhusu pia kwa sababu sumu za viwanda vya mbali hazikai mbali. Mwaka 1986 ilipokewa nchini shehena ya dawa za wadudu, msaada kutoka Ugiriki, ambayo sehemu yake ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Ikawekwa katika shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Ghala likaanguka, dawa zikaingia ardhini, na watafiti waliokwenda miaka mingi baadaye walizikuta bado zimo katika udongo. Msaada ule uliingia kwa hati, na kila hati ina mtu aliyeipokea. Je, ni nani aliyebaki na kazi ya kuuangalia udongo ule baada ya hati kuwekwa kabatini?

Kwa hiyo napendekeza mambo matano, na yote yamo katika uwezo wa watu wa kawaida wanaofanya kazi yao sawasawa.

La kwanza, kisima cha uchunguzi kichimbwe kabla kiwanda hakijaanza kazi. Bila ya kipimo cha siku ya kwanza, kampuni itasema kila siku kwamba uchafu ulikuwapo tangu hapo. Visima vitatu au vinne vyembamba ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya kiwanda.

La pili, orodha ya kila kemikali inayoingia langoni na kila taka inayotoka iwe mikononi mwa ofisi ya umma, na maabara ipewe orodha hiyo kabla haijapima. Tumeona Parkway nini hutokea orodha hizi zisipokutana.

La tatu, fedha za kusafisha ziwekwe akiba wakati kiwanda kinapata faida. Kampuni iliyofunga milango haina mkoba, na mara nyingi haina hata anwani. Mpangaji huweka amana anapopanga nyumba. Kwa nini anayepanga ardhi ya taifa asiweke?

La nne, matokeo ya vipimo yawe wazi. Yabandikwe katika ofisi ya kijiji na ya kata, kwa Kiswahili, pamoja na kiwango kinachokubaliwa, ili kila mtu aweze kulinganisha. Sumu ya Toms River na sumu ya Bhopal zilijulikana kwa baadhi ya watu muda mrefu kabla ya wanywaji kujua. Siri haikusafisha hata tone moja.

La tano, faili lisifungwe siku pampu zinapozimwa. Nimekwisha kueleza jinsi mfinyanzi unavyorudisha sumu. Afisa anayehamishwa amkabidhi mwenzake daftari la vipimo kwa mkono na kwa sahihi, kama anavyokabidhi fedha za serikali. Karani wa fedha akipoteza stakabadhi huulizwa. Yule aliyepoteza vipimo vya miaka 10 vya kisima naye aulizwe.

Na ninyi walimu mna kazi ambayo hakuna wizara inayoweza kuifanya badala yenu. Mtoto anayejua kusoma jedwali la namba, anayejua kwamba miligramu si gramu, anayejua kuuliza "mmepima lini, wapi, na kwa kina gani", huyo hataweza kudanganywa kwa urahisi atakapokuwa diwani, au mama wa familia, au mjumbe wa kamati ya maji. Wazazi wa Toms River waliouliza juu ya watoto wao hawakuwa wanasayansi. Akina mama wa Bhopal walioandamana mpaka Delhi wengi wao hawakupata hata shule. Lakini walishika swali lao wala hawakuliachia. Tukiwapa watoto wetu swali hilo mapema, pamoja na hesabu ya kulijibia, tutakuwa tumewapa ulinzi mkubwa.

Sikuja hapa kuwaambia kwamba viwanda ni adui. Dawa za hospitali hutoka viwandani, na rangi ya nguo tulizovaa imetoka kiwandani. Nasema tu kwamba bei ya kiwanda ihesabiwe yote, pamoja na ile sehemu iliyo chini ya ardhi, ambayo hulipwa na watu ambao hawajazaliwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika maji ya ardhini ufa hauonekani kwa macho. Unaonekana katika daftari la vipimo tu. Basi tuhakikishe kwamba daftari lipo, kwamba linaandikwa, na kwamba kila mwenye kunywa maji yale ana ruhusa ya kulifungua.